Kichwa Changu na Kichwa cha Shangazi

Nakumbuka asubuhi moja ya Desemba, mwanangu, nikiwa msichana ambaye hajaolewa, nimesimama uani kwetu Machame na ndoo ya maji mkononi, jicho langu la kushoto likaanza kuona kitu ambacho hakikuwepo. Kilikuwa kama mstari wa mwanga uliokunjwakunjwa, unametameta pembeni na kukua polepole. Nilifumba macho, ukabaki pale pale. Nilijua kinachokuja. Niliweka ndoo chini nikamtafuta mama.

Sijui kama naanza mahali panapofaa. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, na kuandika nimejizoeza mwenyewe, jioni jioni, nikishamaliza kazi za ng'ombe. Lakini wewe unayesoma haya, yeyote uliye, unaumwa kichwa, na mimi nimeumwa kichwa tangu ujana mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Nitakueleza niliyoyaona, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Wakati ule nilikuwa Dar es Salaam, nashona sare za shule kwa mama mmoja mwenye vyerehani vingi. Kama ujuavyo, watu wa kwetu Desemba hawabaki mjini. Unaweza kukaa mwaka mzima kimya, lakini Krismasi lazima ulale kwenu, kwenye kihamba, kati ya migomba na kahawa ulizoachiwa na babu. Kwa mshona sare Desemba ndiyo mwezi mbaya, maana shule zinafunguliwa Januari. Tulishona mpaka siku ya safari yenyewe. Nilipanda basi sijalala vizuri, sijala vizuri, jua linanipiga dirishani njia nzima. Na ukifika nyumbani hakuna anayekuacha upumzike. Kuna wazee wa kuamkia, kuna ibada, kuna mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuonja, kuna habari za mwaka mzima.

Kisha inakuja siku ya kuchinja. Siku hiyo kwetu hakuna aliyekuwa na habari ya uji wa asubuhi. Kila mtu anaacha nafasi tumboni. Vichwa na kwato vinababuliwa motoni, moshi unajaa uani, harufu ya manyoya inaingia mpaka kwenye nguo. Na nyama yenyewe haigawiwi ovyo. Kuna fungu la mwenye nyumba, kuna la mkewe, na kuna la binti aliyezaliwa katika nyumba ile hata kama ameshazeeka. Ukimpa mtu fungu lake umemwambia ni wa kwenu. Ukimnyima, hata bila kufungua mdomo, umemwambia hayumo.

Fungu hilo la binti lilikuwa la Shangazi Aikande, dada yake baba. Mumewe alifariki mapema, watoto wake hawakuishi, na baba alimpa kijumba chini ya kahawa zetu arudi kuishi. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno makali, na hakupenda kelele.

Asubuhi ile mama alinilaza chumba cha ndani. Ule mwanga ulipopotea, maumivu yakaingia upande wa kushoto, nyuma ya jicho, yakipiga kila moyo ulipopiga. Nilitapika mpaka hakukuwa na cha kutapika. Ukuta ulikuwa wa mbao, kwa hiyo nilisikia yote yaliyosemwa uani.

"Baba, mimi sisemi nimeona kwa macho." Huyo alikuwa Elia, kaka yangu mkubwa. "Ila angalia mwenyewe. Kila mwaka, siku hii, huyu mtoto anaanguka. Na kila mwaka, siku hii, kule chini mlango unafungwa mchana kweupe na dirishani linatundikwa blanketi. Anafanya nini mle ndani?"

"Labda amelala," mama akasema.

"Siku ya kuchinja? Nani analala siku ya kuchinja?"

"Elia, punguza sauti. Mwenzako anaumwa."

"Si ndiyo ninayosema, mama! Anaumwa na nani?"

Baba alisema fungu la shangazi liwekwe pembeni kwanza. Elia alitaka zaidi ya hapo. Alitaka mwaka mpya ukishapita waende kwa wakwe zake Shangazi, wawaambie wamchukue mjane wao.

Hapa nataka nimtendee haki kaka yangu, kwa sababu sasa hayupo wa kujitetea. Hakuwa mtu mbaya. Nilipokuwa mdogo na homa kali alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mvua inanyesha, na koti lake alinifunika mimi. Siku ile alikuwa anaogopa tu kwa ajili yangu. Na usifikiri alikuwa peke yake. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kabla yake. Mimi nami, kwa kichwa kile, sikuwa na fikra yoyote. Ungeniambia ni shangazi, ni paka, ni serikali, ningekubali ili mradi unyamaze.

Kesho yake kiliondoka. Wewe unajua jinsi kinavyoondoka, unabaki mwepesi na mnyonge kama aliyetoka kuoga maji baridi. Mama aliniita karibu na zizi, akanipa nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba.

"Mpelekee shangazi yako."

"Elia akiniona nimwambie nini?"

"Mwambie mama kasema. Akitaka kugombana aje kwangu, mimi ndiye niliyemzaa."

Nilishuka kati ya kahawa. Kweli blanketi lilikuwa bado dirishani, na sitakuficha, miguu ilisita. Nilibisha hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, Ndeshi. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ingia, funga mlango upesi, huo mwanga unanichoma."

Macho yangu yalipozoea giza, niliona beseni kando ya kitanda. Niliona kanga iliyokazwa kichwani mpaka ngozi imejikunja. Nikaona kikombe cha maji kilichoguswa kidogo tu. Nilihisi nimeingia chumbani kwangu mwenyewe.

"Hiyo nyama iweke nje, mwanangu," akasema. "Harufu."

"Shangazi, upande gani?"

"Upande gani nini?"

"Kichwa."

"Wa kulia. Jana kilikuwa kushoto, kimehama."

"Kabla hakijaanza, unaona mwanga? Umekunjwakunjwa, uko pembeni?"

Alijiinua kwa kiwiko. "Nani kakuambia hayo?"

"Hakuna. Naona mwenyewe."

Alinitazama, akanitazama tena, kisha akaanza kucheka, na hapo hapo akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Usinichekeshe, we mtoto, utaniua."

Nilikaa chini karibu na kitanda. Alichukua kidole changu akakipitisha kwenye mapanja yake, pembeni mwa macho, kwenye alama ndogo ndogo za wembe. Alama zile nilikuwa nimeziona tangu utoto nikidhani ni urembo wa zamani. Alisema alichanjwa akiwa msichana ili kichwa kitoke, na hakikutoka. Akasema mama yake, yaani bibi yangu, naye alikuwa akijifunga kanga vile vile na kulala mchana, akisingizia amechoka na kuni.

"Najua wanavyosema huko juu," akasema. "Watoto wakiniona mferejini wanakimbia."

"Mbona husemi, shangazi?"

"Niseme nini? Mwanamke anayekaa peke yake akisema anaumwa kila mara, watu wanasema Mungu anamlipa. Akinyamaza, wanasema analoga. Nikaona heri ninyamaze, angalau nipumzike." Alifumba macho. Nilidhani amemaliza, kumbe hajamaliza. "Lakini wewe, Ndeshi, una baba na una kaka. Wanaongea kwa ajili ya kichwa chako, si changu. Unalala ndani unawasikiliza wakisema kinachokuuma, na wewe ndiye unayekijua. Usinililie hapa. Nenda kaseme."

Hakuwahi kunisema kwa ukali hivyo. Nilitoka.

Baba na Elia walikuwa nyuma ya zizi wakikata migomba ya kulisha ng'ombe. Nilisimama hapo nikiwa sijui nianzeje, nikaanza vibaya, nikarudia.

"Kaka, hiki kichwa Dar pia kinaniuma."

Elia aliacha kukata. "Tangu lini?"

"Tangu nimeanza kazi. Karibu kila mwezi. Kazi ikizidi ndiyo zaidi."

"Mbona hatukusikia?"

"Mngesikiaje, na ninyi mko huku? Nalala chini ya meza ya kukatia vitambaa, kikipoa naamka nashona."

Alifikiri. "Labda anakufuata mpaka huko."

Baba akachomeka panga kwenye mgomba. "Elia. Dada yangu hata kuvuka barabara pale Moshi mjini anaogopa, ananishika shati. Leo kafika Dar es Salaam?"

Nikawaeleza niliyoyaona: beseni, kanga, harufu ya nyama, mwanga wa mlangoni. Niliwaambia kwamba naye huuona ule mstari unaometameta, ambao sikuwahi kumtajia mtu yeyote kabla ya hapo. Sijui nilisema vizuri kiasi gani. Baba alikaa juu ya gogo la mgomba.

"Mama alikuwa anajifunga kanga," akasema polepole. "Sisi tulikuwa tunacheza nje, tunafukuzwa twende mbali. Sikuwahi kuuliza kwa nini."

Elia alikwenda kwenye uzio, akakata jani la isale. Isale kwetu ndiyo mmea wa mipaka, na pia ndiyo mmea wa kuombea msamaha. Ukimletea mtu jani lake akalipokea, jambo limekwisha na halirudiwi. Nilimfuata kwa nyuma. Alibisha mlango wa Shangazi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia kaka yangu akiongea kwa sauti ndogo.

"Shangazi, nimekosa. Nilisema maneno ambayo sikuwa na hakika nayo."

Mlango ulifunguka kidogo tu. Mkono ukatoka, ukachukua jani.

"Nimepokea," ikasema sauti ya ndani. "Sasa ondoka, unanuka moshi."

Kabla sijarudi Dar, Elia mwenyewe alitupeleka hospitali mjini, mimi na Shangazi. Daktari alitupima presha, akatumulika machoni, akatuambia tunyooshe mikono na kutembea kwa mstari. Kisha akatuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Mnalala saa ngapi? Mnakula saa ngapi? Kikianza mlikuwa wapi, mmekunywa nini? Nani mwingine kwenu anaumwa hivi? Akasema ugonjwa huu unaitwa kipandauso. Ni ugonjwa wa ubongo wenyewe, na mara nyingi unatembea katika ukoo kama sura au kimo. Alisema ubongo wa mtu wa namna yetu haupendi kubadilishiwa utaratibu. Usingizi ukipungua, chakula kikichelewa, maji yakiwa machache, jua likiwa kali, moshi, harufu nzito, pombe, wasiwasi, hata furaha kubwa, na kwa wanawake siku za mwezi. Kimoja peke yake pengine usingesikia kitu. Vikikusanyika ndipo unaanguka.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Daktari, umetueleza Krismasi yetu."

Na ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Tulikuwa wawili wa damu moja, tumeshinda njaa siku moja, tumevuta moshi mmoja, tumeanguka pamoja. Watu walitazama kuanguka kwetu pamoja wakaona mmoja anamfanyia mwenzake. Siwalaumu sana, ukitazama kutoka uani ilionekana hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata mama alipika uji mapema na kutusimamia mpaka tumalize. Tuliwekwa mbali na moto, tukapewa kazi ya kumenya ndizi za supu ya mtori nyuma ya nyumba, penye kivuli. Kichwa hakikuja. Mwaka mwingine kilikuja pamoja na hayo yote, kwa hiyo sitakudanganya kwamba tulipona. Tulipungukiwa tu, na kupungukiwa kulitutosha. Mbege mimi inanimaliza hata nikionja, lakini Shangazi alikuwa akinywa na asisikie kitu, akinicheka. Aliishi kijumba kile mpaka mwisho wake, na fungu lake halikuwahi kuwekwa pembeni tena.

Sasa nasaha zangu, na uzipime mwenyewe, maana mimi si daktari.

Kichwa chako ukijue. Andika siku kilipokuja na siku iliyotangulia ulilalaje na ulikula nini. Daktari ndiye aliyeniambia hivyo, na ndivyo nilivyopata mazoea haya ya kuandika. Baada ya miezi michache utaona vinavyokuangusha wewe, na huenda visiwe vyangu. Lala na uamke kwa saa zile zile hata sikukuu. Usiache kula asubuhi kwa sababu kuna sherehe mchana. Kunywa maji.

Kikianza, usishindane nacho. Meza dawa uliyoelekezwa mapema, kabla hakijapanda, kisha ulale gizani. Lakini dawa ya maumivu usiizoee. Kuna kipindi nilikuwa nameza vidonge karibu kila siku, hata kichwa hakijauma, kwa hofu tu. Kichwa kikawa cha kila siku. Daktari akaniambia vidonge vile vile ndivyo vinavyokirudisha. Nikaacha kwa maelekezo yake. Mwanzoni niliumia sana, halafu kikatulia. Kikikusumbua mara nyingi, ziko dawa nyingine anazotoa daktari za kukizuia kisije. Majina yake nachanganya, muulize. Na kama wewe ni binti na unaona ule mwanga niliokueleza, mwambie daktari kabla hujaanza vidonge vya uzazi wa mpango, maana vingine havifai kwa mtu wa namna yetu.

Halafu kuna kichwa ambacho hutakiwi kukisubiri hata kidogo. Kikija ghafla, kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Kikija na homa na shingo kukakamaa. Mkono au mguu ukilegea, ulimi ukiwa mzito, ukichanganyikiwa, ukianguka kifafa. Kikianza baada ya kugonga kichwa, au ukiwa mjamzito, au kikiwa kigeni kabisa na umri umekwenda. Hapo usiseme "ni kile changu cha siku zote." Nenda hospitali wakati huo huo. Sisi tuliozoea kuumwa ndio tunaochelewa.

La mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ukiumwa, sema. Sema nyumbani, sema kazini, sema kinaanzaje na kinakaa wapi, usiwaachie wengine wajaze pale uliponyamaza. Na ukimsikia mtu anataja jina la mtu mwingine kwa sababu ya maumivu yako, hata kama anakupenda, hata kama ni kaka yako, mzuie. Maumivu yataisha baada ya siku mbili tatu, lakini huyo aliyetajwa atabaki na jina la mchawi. Na ukiona mlango wa mtu umefungwa mchana, kabla hujafikiri lolote, bisha hodi umuulize kama anaumwa.

Mungu akujalie usingizi wa kutosha, mwanangu, na asubuhi zisizo na maumivu. Na siku atakayoona ni lazima uumwe, akuweke karibu na watu watakaoamini unaposema unaumwa.